Bwana Mifugo Aliyeogopa Mbwa

Fahali hakumtisha. Nimemwona kwa macho yangu akimshika fahali pua kwa vidole viwili na kumwambia, "Tulia, mzee," na fahali akatulia. Lakini mtoto wa mbwa akibweka nyuma ya ua, Bwana Mifugo alisimama njiani, akaweka kofia yake sawa, na kuwaambia akina mama watangulie, kwa sababu eti mwenye nyumba hufurahi akisalimiwa kwanza na mwanamke mwenzake. Alikuwa mwenyekiti wa chama ambacho kazi yake yote ni kwenda kwenye nyumba za watu, na huku kwetu Hanang sijui nyumba isiyo na mbwa. Udhaifu huo hakuukubali hata siku moja. Alisema mbwa ni mnyama asiye na adabu, basi.

Tuliendelea kumwita Bwana Mifugo ingawa serikali ilikuwa imeshampunguza kazini zamani, miaka ile ya tisini ambapo majosho yalikauka moja baada ya jingine na dawa za ng'ombe zikahamia madukani. Wenzake waliopunguzwa walirudi makwao. Yeye alikuwa mtu wa kusini, na kila mwaka alisema atarudi akishavuna alizeti. Alizeti zilivunwa, zikakamuliwa, mashudu yakaliwa na nguruwe, naye bado alikuwapo, akizunguka na baiskeli na sanduku lake la sindano, akitibu ng'ombe kwa malipo ya kuku au ahadi. Kiiraqw chetu alikielewa chote, lakini zile sauti zetu za kooni zilimshinda kabisa. Akijaribu kuzitamka, watoto walimfuata njiani wakimwomba arudie.

Mimi nilikutana naye vizuri niliporudi nyumbani na shahada ya sosholojia na bila kazi. Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mpya, na kila mtu aliniambia nisubiri, ofisi zinafunguliwa Babati, watu watahitajika. Nilikuwa nasubiri. Mama yangu, aliyekuwa mwanachama wa chama cha huruma cha kigango chetu, alichoka kuniona nasubiri, akaniambia niende naye kwenye mkutano. Nilikwenda ili nikipinge chama nikiwa ndani.

Walikuwa watu sita hivi kwenye mabenchi ya kanisa: mama, katekista, wakulima wachache, na Bwana Mifugo mbele na kofia yake magotini. Nilipopewa nafasi niliuliza yote. Je, gunia la mahindi halimfundishi mtu kusubiri gunia jingine? Kwa nini tunapeleka sabuni badala ya kuuliza ushirika ulikufaje na majosho yalikaushwa na nani? Na kama Mungu anawapenda maskini, kwa nini anahitaji mkutano wa kila Jumapili ili akumbushwe? Katekista alimtazama mama kwa huruma. Bwana Mifugo alikuwa amefumba macho, nikadhani amelala, maana kwenye mahubiri alilala kila wiki, waziwazi, mikono ikiwa tumboni.

"Msomi," alisema akiwa bado amefumba macho, "maswali yako ni mazuri. Jumanne tunakwenda Mogitu. Utayauliza njiani."

Tangu siku hiyo jina langu likawa Msomi, na kweli nikayauliza njiani. Nilitegemea atanivumilia kama wazee wanavyovumilia vijana. Yeye alibishana. Alishuka kwenye baiskeli ili abishane vizuri, akaiegemeza kwenye mti, akanyoosha kidole. Akiona anashindwa alihamia upande wangu na kuutetea kuliko mimi, mpaka nikajikuta naitetea sabuni. Mama aliyekuwa mbele yetu na kikapu kichwani aligeuka akatuuliza kama mgonjwa wa Mogitu atusubiri mpaka mwakani.

Alikuwa na taratibu zake za kutembelea watu, na hakuna kitabu cha chama kilichozitaja. Ya kwanza ni kwamba safari ya kwanza huendi na kitu. Hata chumvi. Wanachama wapya walilalamika kwamba ni aibu kuingia kwa mtu mwenye shida mikono mitupu. Alijibu kwamba ukienda na mfuko, mtu anausalimia mfuko. Safari ya kwanza ni ya kukaa tu, kuuliza habari za mvua, kusifia mbuzi kama yupo, na kukaa mpaka mwenye nyumba aache kuomba radhi kwamba nyumba yake haina kitu. Wengine waliacha upesi. Wengine ilibidi tukae mpaka miguu ife ganzi.

Ya pili ilitoka kwenye kazi yake ya zamani. Aliamini kwamba ng'ombe mgonjwa hujitenga na kundi, na kwamba binadamu hana tofauti. Kwa hiyo hakupenda kuuliza nani ana shida. Aliuliza nani haonekani. Nani hajaonekana kisimani, nani hajaonekana mnadani, nani alikuwa anaimba bass akaacha. Hata sala yake ya kufungua mkutano ilikuwa hivyo: "Bwana, tuonyeshe aliyejitenga na kundi. Amina." Katekista, ambaye sala yake fupi kabisa ingetosha kupika maharage, alimshitaki kwa paroko kwamba mwenyekiti hasali. Paroko akaja, akasikiliza sala, akasema angependa na yeye ajifunze.

Nisimfanye mtakatifu, maana angecheka. Alikosea mara nyingi, tena kwa kujiamini. Kuna mzee mmoja wa Mogitu ambaye Bwana Mifugo alimfunua kope, akatazama ndani kama anavyomtazama ndama, na kutangaza kwamba damu yake imepungua na anahitaji mayai. Tukampelekea mayai msimu mzima. Mzee akanawiri, tukajipongeza, mpaka mama alipomkuta mnadani akiyauza na kununua tumbaku. Mkutanoni watu walitaka mayai yakatwe. Mwenyekiti alifikiri kidogo, akasema la msingi ni kwamba mgonjwa amepona, na kama amepona kwa tumbaku, sisi si madaktari.

Alikuwa pia mchoyo kwa namna yake mwenyewe. Koti lake alilivua mwilini akampa mtu kwenye baridi ya mwezi wa saba, nikaona. Lakini pampu ya baiskeli hakumwazima mtu yeyote, hata paroko. "Pampu ni kama mswaki," alisema. Kwenye drafti aliiba waziwazi na kukasirika ukimwona. Na alikuwa na majivuno ya kofia: ilikuwa kofia ya kaki aliyopewa kazini, imefifia mpaka rangi yake haina jina, naye aliipiga pasi ya mkaa kila Jumamosi kana kwamba mkurugenzi anakuja kuikagua.

Haya yote nayasema ili mtu aelewe kwa nini jambo la Masakta lilinisumbua miaka mingi. Sikujua lilitoka kwa mtu wa namna gani: mtu mjanja sana, au mtu asiyejua.

Masakta kulikuwa na mjane kijana, Mama Paskali. Mumewe alifariki, na kabla msiba haujapoa, mtoto wao mchanga naye akafa. Kwa mila zetu Wairaqw, nyumba iliyopigwa hivyo hukaa peke yake kwa muda. Hali hiyo wazee huiita metimani. Watu wa nyumba hiyo hawaingii kwa wengine, na wengine hawaingii kwao. Hawachangii moto, wala kisima, wala chombo cha kunywea, na anayechangia nao huingia metimani naye, mpaka wazee watamke kwamba imekwisha. Mila hiyo ningeweza kuitetea mbele ya profesa yeyote. Walioiweka walijua habari za kuambukizana kabla ya kuwapo zahanati. Lakini ya Mama Paskali haikutamkwa kwamba imekwisha. Alihitajika kondoo wa kuchinjwa, na wa kumleta alikuwa shemeji yake, na shemeji kila akiulizwa alisema bado kidogo.

Sote tulikuwa Wakatoliki. Ungemuuliza mtu yeyote wa kigango, angekuambia mambo hayo ni ya zamani. Ila watu walikuwa na haraka ghafla kila walipofika kwenye kona ya kwake.

Mvua ikaanza. Huku kwetu kulima ni kwa kusaidiana: leo plau na ng'ombe wako kwangu, kesho mimi na watu wangu kwako. Kwa Mama Paskali hakuja mtu. Alikuwa akilima kwa jembe la mkono na Paskali, mwanawe mkubwa, na kilichokuwa kimegeuzwa ni kipande cha ukubwa wa jamvi la harusi. Asipopanda mvua hizo, ilijulikana: angechukua watoto wake watatu na kwenda kwa kaka yake Yaeda Chini, kule ambako shule ni mwendo wa nusu siku, na shamba lingebaki kwa shemeji, ambaye hangekuwa na haraka ya kulirudisha.

Mkutanoni katekista alipendekeza tuweke gunia la mahindi njia panda, naye aje alichukue tukishaondoka. Wengi waliona ni busara. Bwana Mifugo aliuliza gunia hilo litajua kulima? Akasema tunakwenda wote, mikono mitupu, safari ya kwanza kama safari nyingine.

Tukaenda. Mbwa wa Mama Paskali alikuwa amezeeka hata kubweka hakuweza, lakini mwenyekiti alituweka mbele vilevile. Mjane alituona tukiingia uani akasimama na jembe mkononi. Akawaamkia wakubwa shikamoo kwa mbali. Bwana Mifugo hakuingia ndani. Alitafuta kigogo pale nje, chini ya kipenu, akakaa, akavua kofia, akaanza kuuliza habari za mvua. Nami niliona ni adabu.

Yule mama aliingia ndani akatoka na maji kwenye kikombe cha bati. Nadhani mikono yake ilifanya yenyewe, kwa mazoea. Mgeni akija anapewa maji. Alipofika katikati ya uwanja akakumbuka. Akasimama. Akageuka pembeni ili ayamwage.

"Lete, mama," Bwana Mifugo alisema. "Nimetoka Katesh na baiskeli."

Akayanywa yote. Katekista aliutazama mlima Hanang kana kwamba umehama. Mama yangu alimsogelea mwenyekiti akamnong'oneza sikioni, na nilijua anamwambia nini. Bwana Mifugo alikigeuza kikombe juu chini, akatazama ndani yake kwa muda mrefu.

"Mama Paskali," akasema, "kuna mengine?"

Akaletewa mengine, akampa mama yangu. Mama alikunywa taratibu, kama anayeonja chai ya mkwe. Kisha mimi, kwa ubishi mtupu, nikiwaza hoja nitakazowapa watu nyumbani. Katekista alifanya ishara ya msalaba kubwa kuliko ya paroko, akanywa akiwa amefumba macho. Kikombe kikazunguka kikaisha. Mama Paskali alikaa chini akacheka, na kucheka kwake kulikuwa kumekaa siku nyingi bila kutumika. Kulitoka kwa vipande.

Habari ilifika kigangoni kabla yetu. Majirani walitusalimia kwa mbali, kwa upendo mwingi, wakiendelea kutembea. Jumapili benchi letu lilikuwa na nafasi tele. Paroko alipanda akahubiri kwa ukali juu ya Wakristo wa mguu mmoja ndani na mmoja nje. Watu waliitikia kwa vichwa, misa ikaisha, wakapita njia ya pembeni. Katekista aligonga kengele ya kuwaita kwenye sala, akaambiwa kwa heshima kwamba watu wameshasikia.

Kulikuwa na jambo ambalo hawakulipigia hesabu. Mashine ya kusaga pekee ya upande ule ilikuwa ya mama yangu. Kama mama yuko metimani, mashine iko metimani. Mama alifungua mlango kila asubuhi, akafagia, akawasha injini ili isishike kutu, akakaa mlangoni akisuka ukili. Hakuja mtu. Wanawake wa kigango kizima wakarudi kwenye vinu vya bibi zao, au wakabeba madebe mpaka Katesh.

Na sisi tulio metimani tungefanya nini? Hatukuwa na pa kwenda kusaidia kulima; kwenye mashamba ya wengine hatukutakiwa. Basi tukachukua ng'ombe wetu na plau mbili tukaenda Masakta. Sijawahi kuwa na wiki ya furaha kama ile. Bwana Mifugo aliongoza ng'ombe kwa nyimbo za kwao kusini ambazo hakuna aliyezielewa, na ng'ombe, wapuuzi wale, wakazitii. Mama Paskali alipanda mahindi na maharage nyuma ya plau akimtania katekista kwamba mistari yake imepinda kama mahubiri. Tulikula pamoja chungu kimoja, tukanywa kikombe kimoja. Nani angetuzuia? Nilimuuliza mwenyekiti, kwa kuwa siachi kuuliza, kama huu ni msaada au ni kufungiwa pamoja. Alisema nishike plau, nitauliza nikifika mwisho wa shamba.

Mahindi yalikuwa yameshatoa majani mawili matatu wakati mzee wa ukoo alipofika, na nyuma yake shemeji akivuta kondoo kwa kamba, uso umekunjamana. Mzee alisimama mpakani.

"Wewe mtu wa kusini," alimwambia Bwana Mifugo, "wake zetu wanatwanga kama enzi za Mjerumani. Mikono imetoka malengelenge. Usiku hawatuongeleshi."

"Shikamoo, mzee," Bwana Mifugo alijibu. "Pole sana. Karibu uone mahindi."

Kondoo alichinjwa, mzee akatamka maneno yake marefu ya baraka, nasi tukaitikia. Aliomba mvua, maziwa, watoto, na mwishoni, kwa sauti ya mtu aliyechoka, akaomba mashine. Kesho yake foleni ya madebe ilifika barabarani. Mama aliwasagia wote bila neno, akitabasamu kidogo tu pembeni mwa mdomo. Mama Paskali hakwenda Yaeda Chini.

Mimi nikapata kazi Babati, kisha mbali zaidi. Kisa cha Masakta nilikwenda nacho. Nimekisimulia kwenye semina nikimsifu mwenyekiti wetu kwa mkakati wake: jinsi mgeni alivyoisoma mila ya wenyeji, akaona kamba yake imefungwa wapi, akaivuta mpaka jamii nzima ikabanwa na kujifungua yenyewe. Watu huandika. Ni nadharia nzuri.

Mwaka huu nilirudi likizo nikamkuta kwa Mama Paskali, kwenye sherehe ya Paskali kumaliza chuo cha ualimu. Mama Paskali ndiye mwenyekiti wa chama siku hizi, na anakiendesha kwa mkono wa chuma. Bwana Mifugo alikuwa amewekwa juani kwenye kiti chenye mto, blanketi miguuni, nyonga zimegoma. Wanawe wa kusini wamekuja mara mbili kumchukua, na mara zote mbili amewaambia wasubiri alizeti. Nikampigia magoti, shikamoo. Akasema marahaba, Msomi, umenenepa, nani anakulipa kwa kuuliza?

Nikakaa karibu yake, nikamweleza nadharia yangu. Nilimweleza vizuri, na mashine ya mama, na shinikizo la jamii, na wakati alioupanga. Alinisikiliza macho yamefumba. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, mpaka Mama Paskali akachungulia kutoka jikoni kuona kama nimemdhuru.

"Sikupanga kitu," akasema. "Nilijua mlango. Miaka yote ile nilijua kwamba nyumba ya namna hiyo huingii ndani, ndiyo maana nilikaa nje. Habari za kikombe sikuzijua. Ndipo mama yako akaninong'oneza, Msomi. Nilidhani nitakufa."

"Wewe? Uliamini?"

"Niliamini kabisa. Nimeona ng'ombe wengi wamekufa kwa kunywa mahali pasipofaa." Akajifuta macho. "Nikaangalia kikombe, nikamwangalia yule binti amesimama pale. Maji yalikuwa yameshaingia. Nikasema, basi, kama ndiyo hivyo, nisife nikiwa wa kwanza kuondoka kwake."

Semina zote zilinipita kichwani, na watu wote walioandika.

"Na yale mengine? Uliyoomba ukampa mama?"

"Niliogopa kufa peke yangu," akasema, bila aibu hata kidogo. Kisha akanigeukia. "Na wewe? Ulikunywa haraka haraka, nakumbuka. Uliogopa?"

Nikamwambia ukweli, kwamba sikuogopa hata kidogo, kwa kuwa sikuamini.

Alinitazama kwa furaha kubwa, kama mtu aliyeona nafasi kwenye drafti.

"Basi wewe, Msomi," akasema, "ulikunywa maji tu."